Mihogo ya Mistari ya Kando

Mimi siongei sana. Nyumbani wananiita wa kimya, na shuleni mwalimu akitaka darasa lichangamke huniuliza swali wakati sijainua mkono. Kwa hiyo naandika. Daftari hili nimelijaza mambo madogo madogo, lakini hili la mihogo nimeliandika mara tatu na kulichana mara tatu. Kila nikifika pale mama wa shamba aliponiuliza "Umesikia?" mkono unagoma. Leo naliandika mpaka mwisho.

Kwanza nieleze kitunga. Hapa Panda, mtaa wa Likasi, kwenye nyumba za matofali za kambi ya zamani ya wafanyakazi, nyumba kumi na mbili, moja ng'ambo ya reli, zimeungana na mama mmoja mwenye shamba upande wa Buluo. Kabla ya mvua tunampa mbegu na mbolea, na siku za kupalilia tunampa mikono. Mvua zikishika, shamba lake linatutazama sisi kwanza, soko baadaye. Kila Jumamosi kila nyumba hupata kitunga chake, na ndani yake kile ambacho udongo umetoa wiki hiyo. Desemba ni lengalenga, yaani mchicha, na majani ya maboga, mengi mpaka unachoka kuyaona. Februari ni mahindi mabichi. Mvua ikiharibu, imetuharibia wote, na hakuna anayekwenda kumgombeza mama wa shamba kwa ajili ya mvua ya Mungu.

Mama yangu aliupenda mpango huu kwa sababu moja: alijua chakula kimetoka udongo gani. Sokoni, alisema, unanunua sombe, majani ya muhogo, na hujui imemwagiliwa maji ya mto upi, na mito mingine ya huku kwetu ina rangi ambayo mto haupaswi kuwa nayo. Chakula cha kitunga kilikuwa chakula ambacho hatukukiogopa. Watu walikipokea mlangoni, wakakimenya, wakala. Hakuna aliyeuliza kitu. Hilo ndilo ninalolifikiria mpaka leo nikizima taa.

Kila Jumamosi nyumba moja, kwa zamu, humtuma mtu shambani kusaidia kuvuna, kisha kugawa. Mwisho wa mvua zamu ikawa yetu. Baba alikuwa kwenye mashimo ya madini, na yeye hurudi mwisho wa mwezi. Mama alikuwa ameingia maombi ya kufunga kanisani, siku tatu, simu zote zimezimwa na kuwekwa ndani ya ndoo pale mlangoni ili mtu asijaribiwe.

"Utaenda weye," aliniambia kabla ya kutoka.

"Minye peke yangu, mama?"

"Weye na kinywa chako. Mungu alikupa ya kazi gani, ya kukulia bukari tu?" Bukari ndio ugali wetu.

Basi Jumamosi alfajiri nikapanda nyuma ya baiskeli ya mzee anayetubebea vitunga, na baiskeli ya pili ikifuata, ya mwanawe. Njia nzima nilikuwa narudia salamu moyoni ili nisiikosee.

Mama wa shamba nilimkuta ameshaanza. Ni mwanamke mpana, ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio mbali. Alikuwa ameshakata miti yote ya mihogo, akaifunga mafungu mafungu na kuyaweka kivulini, maana alitaka kuipanda upya mahali pengine. Ardhini vilibaki visiki tu, vifupi kama vidole, mstari baada ya mstari, vyote sawa.

"Njo weye wa kimya banasemaka?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiye mimi.

"Unajua kuchimba muhogo, ao unajua kuukula tu?"

"Najua, mama."

"Onyesha."

Nikashika kisiki, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Muhogo ukakatika, nusu ikabaki chini, na mimi nikakaa matakoni kwenye tope. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Mzee wa baiskeli naye akacheka, na mwanawe pia.

"Aa, mutoto wa mujini! Muhogo haiko muzigo unateremusha ku gari. Unautikisa kwanza. Unaubembeleza. Angalia." Akatikisa kisiki huku na huku, akaingiza jembe kwa pembeni, na mihogo mitano ikatoka pamoja kama watoto walioshikana mikono. "Umeona? Sasa sikia muzuri. Mihogo ya katikati njo ya kitunga. Ile mistari ya kando, ku njia, usiiguse. Ile iko na uchungu. Tunaitiaka mu maji siku ine, njo tunatengeneza unga. Niliipanda pale juu ya bezi. Muntu akipita na njia, akichimba usiku, akule aone!"

Alikuwa anaonyesha kwa jembe wakati anasema, na jembe lilikuwa linatembea hewani juu ya visiki. Lakini kabla halijasimama, mbuzi wa jirani wakaingia kwenye kalanga. Mama wa shamba akageuka, akaokota bonge la udongo, akawarushia, akawatukana wao na mwenye mbuzi na mama ya mwenye mbuzi. Kisha akanirudia, bado anahema.

"Umesikia?"

Sikusikia. Yaani maneno niliyasikia, ila sikuona mwisho wa jembe. Mistari ya kando ni mingapi? Miwili? Mitatu? Minne? Swali lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini magoti yangu bado yalikuwa na tope, na mwana wa mzee wa baiskeli alikuwa ananitazama huku anajaribu kufunga kicheko chake.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akachukua beseni, akaenda kijitoni kuosha majani.

Nikachimba. Mistari miwili iliyokuwa karibu kabisa na njia niliiacha, kwa sababu kwangu mimi "kando" ilikuwa hapo. Nilianza na wa tatu. Nakumbuka vizuri furaha niliyokuwa nayo kwenye ule mstari wa tatu, kwa sababu nilishajua kutikisa, na mihogo ilitoka mikubwa, minene kama mkono wa mtu, mikubwa kuliko ile ya katikati. Nikafikiri: sasa atarudi aone. Na kweli, aliporudi na beseni kichwani alisimama mbele ya lundo.

"Eeh! Kumbe iko nguvu, huyu!"

Muhogo ukishatoka ardhini, ganda lake la nje halikwambii kitu. Alama iko kwenye kikonyo cha jani, chekundu kwa mtamu, kijani kwa mchungu, ndivyo ilivyo kwenye shamba lake, na majani yalikuwa yamelala kivulini na miti yake. Yeye aliona lundo na jasho langu. Akaamini.

Tukagawa. Viazi vitamu kidogo, fungu la lengalenga, kalanga mbichi zenye udongo, na mihogo. Vitunga kumi na viwili. Nilipewa kazi ya kupanga mihogo, na hapo nikafanya jambo ambalo nilidhani ni wema. Mihogo minne mikubwa kuliko yote, ya mstari wa tatu, niliiweka kwenye kitunga cha kambo.

Kambo ni neno letu la bibi au babu, na huyu si bibi yangu wa damu. Ni mjane anayekaa ng'ambo ya reli, upande wa karakana za zamani, na mjukuu wake wa miaka miwili. Mama ya mtoto huenda ziwani Tshangalele kuchukua samaki wa kuuza, anakaa huko siku nne, tano, kisha anarudi. Kambo aliugua sana miaka iliyopita, akapona, lakini kinywa chake hakikurudi. Hasikii chumvi, hasikii sukari, hasikii pilipili. Yeye mwenyewe hutania: "Mu kinywa yangu bukari na kitambaa ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba kitambaa hakishibishe." Kila mtu kwenye kundi letu anaujua huo mzaha. Mimi niliujua. Nilikuwa nimeucheka.

Na kuna jambo lingine la kusema. Kambo akikukamata mlangoni, hakuachii. Atakuuliza shule, atakuuliza mama, atakuuliza kwa nini huongei, atataka uketi. Mimi kuketi na kuulizwa ni kama kuvuliwa nguo. Kwa hiyo tulipofika kwake nilimsikia anaongea na mtoto huko uani, nikaweka kitunga kizingitini, nikapiga "hodi" moja ndogo ya kinafiki, nikakimbia kurudi kwenye baiskeli. Kama ningeketi, huenda angemenya muhogo mmoja mbele yangu, huenda ningeonja. Huenda.

Nyumbani nilifika kama saa nane za mchana. Nyumba ilikuwa tupu. Nikaosha miguu, nikamenya muhogo, nikavunja kalanga. Majira hayo watu wote Likasi hufanya hivyo: muhogo mbichi upande huu wa mdomo, kalanga upande ule. Nikatafuna. Mwanzo ulikuwa mtamu kidogo, halafu maziwa ya kalanga, na nilikuwa nimeshameza kidogo wakati kitu kilipanda kutoka nyuma ya ulimi. Uchungu. Nikatema. Nikamenya mwingine: mtamu kabisa. Wa tatu: uchungu, tena mkali, mpaka masikio yakasisimka.

Niliketi sakafuni. Mistari ya kando. Haikuwa miwili. Baadaye nilijua ilikuwa minne.

Shangazi yangu, akija kutoka kijijini, huwa anasimulia habari za mwaka wa njaa, watu walipokosa subira ya siku nne za maji. Watoto waliokula jioni, asubuhi hawakuamka. Msichana mmoja aliamka lakini miguu ilikuwa imekuwa migumu kama michi na haikulegea tena. Husimulia huku anasuka nywele, bila kupandisha sauti. Nilikuwa namwona yule msichana pale sakafuni kwangu, miguu imenyooka.

Nikashika simu yangu. Kuna kundi la kitunga kwenye simu, na tangu liundwe sikuwa nimeandika humo hata herufi moja. Niliandika, nikafuta. Niliandika tena: "Musikule mihogo ya leo. Iko michungu ndani. Nilichanganya." Kidole kilisimama juu ya kitufe. Nitakuambia ukweli, daftari, kwa kuwa hakuna mwingine: niliwaza kufuta neno "nilichanganya". Niliwaza kama sekunde kumi nzima. Kisha nikatuma.

Majibu yakaanza kuingia.

"Njo nani huyu anaandika?"

"Ni yule mutoto wa kimya! Kumbe iko na vidole!"

"Yangu ilikuwa uchungu, nilitupa, nilizania muhogo iliumwa."

"Asante mwanangu. Batoto balikuwa banaanza kumenya."

"Mie ya kwangu tamu tu. Munaogopesha bantu."

Nilihesabu majina kwa kidole. Mtu anayetafuna uchungu anatema, hata mtoto wa shule anatema. Nyumba kumi na moja zilikuwa na ulimi. Na nyumba ya kumi na mbili haikuwa kwenye kundi, kwa sababu kambo hana simu, na hana ulimi.

Sikuvaa viatu. Kutoka kwetu mpaka ng'ambo ya reli ni mwendo wa nusu saa ukitembea. Sijui nilitumia muda gani. Nilipita kwenye kambi, watu wameketi mbele ya milango, mtu akaniita, sikujibu, na sikuwa nimejibu hata siku nyingine kwa hiyo hakushangaa. Pale relini lilikuwa limesimama treni la mizigo, mabehewa marefu yasiyokwisha, nikangoja lisogee, halikusogea, nikapita chini yake. Mama angejua angeniua. Kichwani nilikuwa natengeneza sentensi. Kambo, samahani, mihogo ile. Kambo, usipike. Kambo, mtoto asile. Kila sentensi ilivunjika kabla sijaimaliza, kama ule muhogo wa kwanza.

Nikamkuta uani. Ameketi kwenye kigoda chake, mbele yake mbabula, jiko letu la makaa, ina makala mekundu, na juu ya makala sufuria, kifuniko kinaruka. Mtoto alikuwa ameketi kwenye gunia kando yake, kati ya maganda ya kalanga. Mkononi ana kipande cheupe. Mdomoni povu jeupe, na mashavu yamejaa machozi.

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kabisa. Nilisimama pale kama mtu anayezama, na mtoto akainua kipande kukipeleka mdomoni, basi nikamrukia nikamnyang'anya. Akapiga yowe.

"Eh! Eh! Unanyanganya mutoto chakula?" Kambo alishika mwiko. "Weye wa kimya! Leo umeingiwa na nini? Njaa njo inakuleta mbio hivi? Kitunga munaleta, munarudia kukinyanganya?"

Nikakitia kile kipande mdomoni mwangu. Juu kulikuwa na sukari. Chini ya sukari, uchungu.

"Kambo," nikasema, na sauti ilitoka kubwa mno, hata mimi nilishtuka. "Ni ya uchungu. Ni ya kutia mu maji. Minye njo nilichimba mubaya."

"Uchungu?" Alinitazama. "Hapana. Anapenda. Mwanzo alikuwa anakataa, anatema, anatema. Nikasema huyu mama yake amemuzoeza bisikuti, sasa anazarau muhogo. Nikatia sukari. Nikamwambia, kula, kambo yako alikomaa na hii."

Nikaona anafika mahali nilipokuwa. Alishusha mwiko polepole, akakiangalia kipande mkononi mwangu, akakichukua, akakilamba, akasubiri. Akakilamba tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na hakuna anayemfungulia.

"Sisikie kitu," akasema. "Mungu wangu. Sisikie kitu."

"Amekula ngapi, kambo?"

"Kimoja. Na hiki. Kimoja na nusu."

"Na weye?"

"Minye meno yangu ni tatu, nangojea ya kupika."

Nikaipindua sufuria kwa mguu. Maji yalimwagika kwenye makala, moshi ukapanda, na hakunikemea. Alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge.

Kituo cha afya si mbali na pale, lakini kambo hawezi kukimbia, kwa hiyo katikati ya njia nilimchukua mtoto mimi. Alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yowe lake. Kichwa kiliniegemea begani kizito, joto, na nikawa namtikisa kila hatua kumi ili agune, ashtuke, afanye chochote. Karibu na geti akatapika, yote begani kwangu mpaka mgongoni, maziwa ya kalanga na vipande vyeupe. Kambo nyuma yangu alikuwa anasema, "Asante Yesu, tapika, baba, tapika yote, usibakize."

Muuguzi alikuwa mwanaume kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimlaza mtoto, akamfungua kope, akamsikiliza kifua.

"Alikula nini?"

"Muhogo," akasema kambo.

"Muhogo ya wapi? Nani aliuleta?"

Kambo alinitazama mimi, wala si kwa kunishtaki. Alikuwa ananiachia mimi. Kulikuwa na watu wengine kwenye benchi, mwanamke mjamzito, mzee mwenye kikohozi, wote wananitazama na matapishi ya mtoto begani kwangu.

"Ni minye. Ni mihogo michungu. Alikula mbichi, kimoja na nusu, haizidi saa moja."

"Muzuri umesema," akajibu muuguzi. "Wengine banakuya hapa banasema ni malaria."

Alisema kutapika kumemsaidia, ila hawezi kutuambia kitu kabla ya usiku kuingia. Akamtundikia maji. Mtoto akalala. Na mimi nikaketi kwenye saruji kando ya kitanda, nikatazama tumbo lake likipanda na kushuka, na kila liliposhuka nilisubiri lipande. Kuna pumzi moja ilichelewa. Nilikuwa nimeshasimama, mdomo wazi, ilipokuja. Shangazi alisema hawakuamka. Nilimgusa unyayo mara nyingi. Alikuwa anauvuta, kila mara anauvuta, na kila mara nilidhani hatauvuta.

Mama alikuja jua likiwa limeshuka, na kitambaa chake cheupe cha maombi kichwani. Mtu wa kundi aliyetuona njiani alikwenda kumtoa kanisani. Mama wa shamba alikuja nyuma yake. Mama alinitazama nguo, akamtazama mtoto, akaniuliza jambo moja tu:

"Mama huyu alikuonyesha mistari?"

Nilijua ningeweza kusema hapana. Mbuzi walikuwepo, jembe halikusimama, ingekuwa nusu ya ukweli.

"Alinionyesha. Sikuona mwisho. Niliogopa kuuliza mara ya pili."

Mama wa shamba akasimama pale na mikono yake mikubwa haina kazi. "Haukuulize juu ya nini?" akaniuliza sababu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nikayashika magoti yangu. Kisha akasema, "Nilikucheka, ee?" Nikatazama chini. Naye akatazama chini, akaketi kando yangu mpaka taa zikawashwa.

Mtoto aliamka muuguzi akiwa anabadilisha chupa. Alitazama dari, akamtazama kambo, akakunja uso, akasema, "Kalanga." Kambo akaanza kulia na kucheka pamoja, meno yake matatu yote nje. Mimi sikuweza kufanya hata moja. Nilimwomba muuguzi amwambie asimame. Muuguzi akafikiri nina wazimu, lakini akamsimamisha kitandani, na ile miguu midogo ikakunjika, ikanyooka, ikaruka.

Nyumba mbili zilijitoa kwenye kitunga. Siwalaumu. Mama ya mtoto aliporudi na samaki wake hakunisalimia wiki nzima, wala huyo simlaumu. Mama wa shamba alinitumia ujumbe nije tena Jumamosi iliyofuata, ingawa haikuwa zamu yetu. Nilikwenda. Alinitembeza shamba lote, mstari kwa mstari, ananisimamisha, ananiuliza: huu? Na huu? Hakucheka. Sasa hakati tena miti yote kabla ya kuchimba. Na kila muhogo unaotoka hukatwa ncha, na ncha inatafunwa, kabla haujaingia kwenye kitunga. Kazi hiyo alinipa mimi. Jioni ulimi unakuwa kama ngozi ya kiatu.

Lakini sehemu ngumu si shambani. Kwa kambo siwezi tena kuweka kitunga kizingitini na kukimbia. Ananingoja. Ameshaweka kigoda cha pili. Jumamosi ya kwanza alitoa muhogo mmoja kutoka chini kabisa ya kitunga, ambako mtu angeficha mbaya kama angetaka, akaukata, akanipa kipande.

"Kula."

Nikatafuna. Mtoto alisimama mbele yangu, mkono mmoja juu ya goti langu, anautazama mdomo wangu. Kambo naye anautazama uso wangu, maana ndio pekee anaoweza kuonja nao. Uchungu wa muhogo hauji mara moja. Kwanza huja utamu kidogo, na huo si wa kuuamini. Nikameza, nikahesabu moyoni mpaka ishirini, nikasubiri kile kitu kipande kutoka nyuma.

"Ni tamu, kambo."

"Hakika?"

Mtoto akanyoosha mkono.

"Ngoja," nikasema, nikaushika ule mkono, nikauma mara ya pili.